Carl Peters na Damu ya Wanyonge

Katika siku za misafara, Mvumi palikuwa kituo mashuhuri cha Ugogo. Wapagazi walitua hapo kutafuta maji na chakula, na wenye nchi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwaka 1890 alipita katika nchi hiyo ya Wagogo Mdachi mmoja asiyependa kulipa ushuru wala kuulizwa neno, Dk. Carl Peters. Twamkumbuka leo, si kwa kumsifu, bali kwa kuwa maisha yake yaonyesha hatari ya mamlaka isiyoulizwa.

Alizaliwa mwaka 1856 huko Neuhaus, kando ya mto Elbe, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, akasoma hata akapata udaktari. Mwaka 1884 alifika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akawatia wakuu wa nchi alama zao katika mikataba wasiyoweza kuisoma. Mwaka uliofuata Kaisari akaiweka nchi hiyo chini ya ulinzi wake. Kule Ugogo alichoma vijiji na kuteka ng’ombe, na mambo hayo aliyaandika mwenyewe kitabuni bila haya.

Mwaka 1891 serikali ya Udachi ilimfanya Kamishna wa Kilimanjaro. Huko hapakuwa na mkubwa wa kumwangalia. Mtumishi wake Mabruk aliposhtakiwa kuingia nyumbani kwa kificho na kuiba, Peters aliamuru anyongwe. Miezi michache baadaye alimnyonga na Jagodja, msichana aliyekuwa amemfanya suria. Wengi walinena kuwa sababu ya kweli ilikuwa wivu. Mwenyewe alikana.

Uchunguzi wa kwanza haukumgusa. Habari ile ikafichwa hata Machi 1896, mjumbe August Bebel alipoitangaza katika Bunge mjini Berlin. Bebel alitaja pia barua ambayo ilidaiwa Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Kianglikana, lakini barua hiyo haikuthibitika. Hapa pana fundisho. Uchunguzi wa haki huweka kando uvumi, hata ukiwa wamwangusha mtu mbaya. Lakini watu wawili walikuwa wamenyongwa, na hilo halikuweza kukanushwa. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwona Peters ana hatia, akaondolewa kazini, akanyang’anywa cheo na malipo ya uzeeni. Alikata rufani, akashindwa. Walakini hakulala kifungoni hata usiku mmoja kwa ajili ya roho zile mbili.

Tena wakubwa hawakuchoka kumtetea. Mwaka 1905 Kaisari alimrudishia cheo, na mwaka 1914 akampatia malipo. Peters alikufa mwaka 1918, na mwaka 1937 Hitler akaitangua hukumu yenyewe. Basi haki iliyoandikwa na mahakimu yaweza kufutwa na wenye nguvu, ikiwa watu wamesahau.

Nchi yetu nayo imepata kujaribiwa. Watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Alikubali kwamba mkubwa huulizwa juu ya matendo ya walio chini yake. Neno hilo Peters hakulikubali maisha yake yote.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto kumheshimu askari polisi, kwa maana kazi yake ni njema na ya lazima. Wafundisheni pia kwamba sare haimfichi mtu mbele ya Mungu. Mtu akifa rumande, yafaa uchunguzi ufanywe mapema, na watu wasio chini ya mkubwa anayechunguzwa, na matokeo yake yasomwe hadharani. Mungu alimwuliza Kaini habari za ndugu yake. Nani basi aliye mkubwa mno asiulizwe?