Bi Wilson: Mjane aliyeanzisha safari za ndege nchini

WENGI wanaopitia uwanja wa ndege wa Wilson, jijini Nairobi, hudhani kwamba jina hilo ni la mwanamume, pengine gavana au mwanajeshi wa enzi ya ukoloni. Ukweli ni kwamba uwanja huo unamkumbuka mwanamke, Bi Florence Kerr Wilson.

Bi Wilson alikuwa mlowezi Mwingereza, mjane mwenye mali. Wakati ambapo wajane wa tabaka lake walitarajiwa kukaa kimya na kula urithi waliochiwa, yeye aliamua kutia fedha zake katika biashara ambayo wanaume wengi waliiogopa.

Mnamo Julai 1929, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Mtaji wao wa kazi ulikuwa ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth.

Haja ya huduma hiyo ilikuwa dhahiri. Reli ilikuwa na njia zake, na barabara ziligeuka matope kila masika yalipoingia. Safari ya siku kadhaa kwa gari ingeweza kumalizwa angani kwa saa chache.

Campbell Black aliijengea kampuni sifa. Mnamo 1931 alimwokoa Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani, aliyekuwa amekwama nyikani Sudan. Ni yeye pia aliyemfunza urubani Beryl Markham, ambaye mwaka wa 1936 aliruka peke yake kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada.

Rubani huyo aliihama kampuni mnamo 1932. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake C.W.A. Scott walishinda mashindano ya ndege ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Alifariki mwaka wa 1936 katika ajali ya ndege mjini Liverpool.

Kuondoka kwake hakukuizima kampuni. Bi Wilson alinunua ndege kubwa zaidi, zikiwemo za aina ya Dragon na Dragon Rapide. Abiria na barua zilisafirishwa hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, ndege zake zilielekea huko pia.

Barua ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo. Kampuni ya Imperial Airways ilileta mizigo kutoka London, nazo ndege za Bi Wilson zikaisambaza. Imperial ilipoanza kutumia ndege za kutua majini mwaka wa 1937, njia yake kuu ilitoka Kisumu hadi pwani bila kugusa Nairobi. Wilson Airways ikawa kiungo cha kuunganisha Nairobi na Kisumu.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayakuwa ya wote. Nauli na ubaguzi wa enzi hiyo viliwaacha Waafrika chini, wakizitazama ndege zikipita juu ya mashamba yao.

Pigo lililoiangusha kampuni halikutokana na hasara wala ajali. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka Septemba 1939, serikali ya kikoloni ilizitwaa ndege hizo kwa kazi za kijeshi, nao marubani wakaingizwa jeshini. Kazi ya miaka kumi ikakatika ghafla.

Baada ya vita, serikali hazikumrudishia mjane huyo nafasi yake angani. Mnamo 1946 lilianzishwa shirika la umma la East African Airways, likachukua njia ambazo Wilson Airways ilikuwa imezifungua. Shirika hilo nalo lilisambaratika mwaka wa 1977.

Mnamo 1962, uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipewa jina la Wilson kwa heshima yake. Mali yake ilichukuliwa na vita, lakini ndege ndogo za kubeba watalii, wagonjwa na miraa zimeendelea kupaa kutoka uwanja wenye jina lake.