Andrei Sakharov: mutu aliyeuliza kwa nini tuko

Andrei Sakharov alizaliwa Moscow mwaka 1921. Alisaidia serikali yake kutengeneza bomu ya idrojeni, wakubwa wakamupa medali. Kisha akaona sumu ya majaribio yale, akaanza kusema.

Mwaka 1967 alishika swali moja. Maada iko na pacha wake wa kinyume, antimaada. Vikikutana, vyote vinageuka nuru. Kama mwanzoni vilikuwa sawasawa, siye tulitoka wapi? Sakharov akaonyesha: lazima chembe na pacha wake zisivunjike sawasawa kabisa. Hapo mabaki kidogo sana yanapona, njo siye na dunia yote. Mwaka 2001, Marekani na Japani, tofauti ile ilionekana katika chembe nzito zinazoitwa mezoni B. Lakini haitoshi kueleza yote. Wataalamu wangali wanatafuta.

Mwaka 1980, sababu alipinga vita ya Afganistani, walimufungia mjini Gorky karibu miaka 7, bila kesi. Desemba 1989, akiwa mbunge, aliita watumishi wa nchi yote wagome masaa 2, chama kimoja kisitawale peke yake. Alikufa tarehe 14 ya mwezi ule ule.