Sayyid Rashid Ridha na Mwalimu Wake wa Tarabulusi

Sayyid Muhammad Rashid Ridha, mwenye Al-Manar, alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Qalamun, karibu na Tarabulusi ya Sham. Skuli ya kwanza aliyoingia mjini ilikuwa ya serikali, ikisomesha kwa Kituruki. Akaiwacha, akaenda kwa Sheikh Husein Al-Jisr.

Sheikh huyu, aliyesoma Al-Azhar, alikuwa amefungua madrasa ambamo kijana akisoma dini yake na Kiarabu, na papo hapo akisoma hisabu, elimu ya maumbile na Kifaransa. (Na wako mpaka leo wadhanio kuwa mambo haya hayakutani!) Serikali ya Kituruki haikuikubali kuwa chuo cha dini, wala wanafunzi wake hawakusamehewa uaskari, madrasa ikafungwa. Rashid hakumwacha mwalimu wake. Aliendelea kusoma kwake hata akapewa ijaza.

Baadaye alihamia Misri kwa Sheikh Muhammad Abduh, na mwaka 1898 akatoa Al-Manar. Wengi humtaja Abduh peke yake, wala si ajabu, kwani Ridha mwenyewe aliandika maisha yake kwa majalada makubwa. Lakini deni la Tarabulusi alililipa kwa vitendo: mwaka 1912 alifungua Kairo madrasa ya kulea walinganiaji, wenye elimu ya dini na ya zama zao pamoja. Nayo pia haikudumu. Vita vya 1914 viliivunja.

Ridha alifariki mwaka 1935, Mungu amrehemu. Al-Manar ilikwisha fika Mombasa, ikisomwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa Sahifa mwaka 1930.