Askofu Frank Weston, Mwalimu Mkuu wa Kiungani

Ndugu wana Bungu, mlioko nyumbani na mlioko mbali, safari hii tunamkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakujenga Bungu. Tumemchagua kwa sababu kazi yake ilifika Korogwe na Handeni kwa mikono ya walimu, na sisi tunajua shule isiyo na walimu ni kuta tu.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Oxford, akafaulu kwa daraja la kwanza katika elimu ya dini, akawa padri wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1898 alifika Unguja kufanya kazi na misheni ya UMCA. Mapema kabisa alianzisha chuo cha kuwaandaa mapadri Waafrika. Mwaka 1901 akakabidhiwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, nje kidogo ya mji, akakiongoza hadi 1908.

Kiungani ilianza kama makao ya watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kufikia wakati wa Weston, vijana walikuwa wakivuka bahari kutoka bara kwenda kusoma huko, wakiwemo wa kutoka pande zetu hizi. Kusudi lilikuwa kijana asome, afunzwe ualimu, kisha arudi kwao afungue darasa. Weston alikisema Kiswahili vizuri, akaishi karibu na wanafunzi wake.

Miongoni mwa waliosoma Kiungani miaka hiyo ni Martin Kayamba, ambaye ukoo wake ulitoka Kilole, hapa hapa Korogwe. Kayamba alipanda hadi kuwa karani mkuu katika ofisi ya serikali Tanga, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mustakabali wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 37, Weston aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilivuka bahari hadi Magila, Korogwe na Kideleko. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista la Mateso Matakatifu. Wazee wetu wengi wanawakumbuka masista hao kwa huduma yao, hasa katika hospitali ya Kwamkono, Handeni, ambako wagonjwa walipokelewa bila kuulizwa dini wala kabila.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza, na walimu na mapadri Waafrika wa misheni hiyo nao wakakamatwa, wakashukiwa kuwa wapelelezi. Wengi walipelekwa Tabora, wakateswa, na baadhi hawakurudi. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni Juni 1916. Mwaka huo huo Weston aliunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akatembea nao bara akiwa na cheo cha meja.

Vita vilipokuwa vikielekea ukingoni, aliandika kuwashutumu Wajerumani kwa jinsi walivyowatendea Waafrika. Wengi Uingereza walifurahi kusoma hayo. Lakini mwaka 1920, serikali ya Waingereza huko Kenya ilipotaka kuwasukuma Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Weston aliishambulia nchi yake mwenyewe kwa ukali ule ule. Aliandika kijitabu, akasafiri hadi Uingereza kupinga. Kelele za watu kama yeye zilichangia serikali kuipunguzia makali siasa hiyo mwaka 1921. Hakupima dhulma kwa kuangalia bendera ya aliyeitenda.

Alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, akiwa na miaka 53, kwa jipu lililotia sumu katika damu. Muda si mrefu baadaye chuo cha Kiungani kilihamishiwa bara, Minaki, na jina la Minaki wengi wetu tunalijua hadi leo kama shule ya sekondari.

Ndugu zetu, Waislamu na Wakristo wa Bungu, tusimkumbuke Weston kwa cheo chake. Tukumbuke kwamba majengo ya Kiungani yalibaki Unguja, lakini walimu walirudi vijijini, wakafundisha chini ya miti na katika vibanda vya nyasi, na wengine wakalipa kwa kifungo na kwa uhai wao. Watoto wetu leo wanapanda na kushuka milima kwenda shule. Tunapokaa kuchangia, tuhesabu mabati na saruji, lakini tumhesabu pia mwalimu: atalala wapi, atakula nini, na atabaki nasi kwa muda gani. Mwalimu akiheshimiwa, naye atakaa. Tushikamane tulifanye hilo.