Jimi Hendrix na Gita la Kupinduliwa

Mtoto wa shoto ana kesi nyingi humu mwetu. Akitia mkono siniani hutolewa macho. Akishika kalamu hupokonywa. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, na hilo halina mjadala. Lakini je, kazi nyingine za mikono nazo? Natutazame kisa cha marehemu Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyesifika ulimwengu mzima kwa kupiga gita la umeme.

Hendrix alizaliwa mjini Seattle tarehe 27 Novemba, 1942. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki, na mamake alifariki mwaka 1958. Mwaka huo babake, Al, alimpatia gita kuukuu la dola 5, na mwaka uliofuata akamnunulia la umeme. Lilikuwa gita la watu wa kulia, na kijana alikuwa mashoto. Nduguye, Leon, amesimulia kwamba baba yao aliona kupiga kwa shoto ni mambo ya shetani. Mzee akiwapo, Jimi hupiga kwa kulia. Mzee akitoka, huligeuza.

Ajabu ni kwamba kula na kuandika alitumia mkono wa kulia. Gita ndilo lililoutaka wa kushoto.

Kuligeuza gita si kulipindua tu. Ukilipindua likabaki hivyo, uzi mwembamba hukaa juu na mnene ukenda chini. Kwa hivyo nyuzi zote 6 hufunguliwa zikafungwa upya. Hapo huzuka udhia wa pili. Mwisho wa shingo pana kijiti chenye mifuo, na kila mfuo umechongwa kwa kadiri ya uzi wake. Uzi mnene hauingii katika mfuo mdogo, na mwembamba katika mfuo mpana hutikisika na kulia ovyo. Kijiti hicho hung'olewa kikageuzwa, au kikachongwa kingine. Kifungo cha mkanda nacho huhamishiwa pembe ya pili, ili gita litulie begani.

Hendrix alilipenda Fender Stratocaster. Gita hilo lina pembe mbili, hivyo hata likipinduliwa vidole hufika. Vifundo vya sauti vilimkalia juu, karibu na mkono. Sumaku ya kunasia sauti iliyo karibu na daraja la nyuzi imewekwa mshazari. Gita likigeuzwa, mshazari nao hugeuka, nyuzi nene zikatoa mlio mkali zaidi na nyembamba mlio laini zaidi. Lililodhaniwa kasoro likawa sehemu ya sauti yake.

Baada ya kutoka jeshini mwaka 1962, aliwapigia Isley Brothers na Little Richard. Septemba 1966 Chas Chandler akampeleka London, na huko ndiko alikovuma. Juni 1967, huko Monterey, alilitia gita lake moto mbele ya watu. Agosti 1969, Woodstock, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gita lake jeupe la kupinduliwa.

Umri haukuwa mrefu. Tarehe 18 Septemba, 1970, alifariki London kwa sababu ya vidonge vya usingizi, naye ana miaka 27.

Vidonge vile si vya kuigwa. Lakini mzazi mwenye mashoto nyumbani na azingatie: siniani mfundishe adabu, akishika randa, sindano au udi, mwache kwanza uone mkono wake unajua nini.