ELREY JEPPESEN: Rubani aliyepanda mabomba ya moshi ili wenzake wafike salama

Wadau, leo tuwaache kidogo wanasoka na wasanii. Kuna mzee mmoja ambaye mtaani hatajwi sana, ila ukimtaja mbele ya rubani utaona anavyochangamka. Anaitwa Elrey Jeppesen, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 28 Januari 1907 huko Louisiana na kukulia Oregon, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Denmark.

Jamaa alikuwa na ugonjwa wa ndege tangu utotoni. Alipojifunza kurusha alinunua ndege ya mtumba aina ya Jenny kwa dola 500, na leseni yake ilitiwa sahihi na Orville Wright mwenyewe, yule wa ndege ya kwanza. Mwaka 1930 akaingia kwenye kazi ya kusafirisha barua kwa ndege.

Sasa hapo ndipo penye utamu na uchungu. Njia yake mojawapo ilikuwa kati ya Salt Lake City na Cheyenne, juu ya milima, mara nyingi usiku, baridi kali na theluji. Ramani? Hakuna. Marubani walitumia ramani za barabara, zile za wenye magari, au walishuka chini na kufuata reli. Lakini ramani ya gari inakuonyesha mji ulipo tu, haikwambii kilima cha pembeni kina urefu gani. Ukungu ukishuka, imekula kwako. Wenzake kadhaa walikufa hivyo hivyo.

Jeppesen hakukaa kulalamika. Alinunua kidaftari cha senti 10 akaanza kuandika: kiwanja hiki kina urefu gani, kimeinamia wapi, taa ziko upande gani, mnara uko wapi. Aliandika hadi namba za simu za wakulima ili awapigie kuuliza hali ya hewa. Siku za mapumziko alibeba altimita, yaani chombo cha kupima mwinuko, akapanda nayo vilima, matangi ya maji na mabomba ya moshi ili ajue kimo chake halisi.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Tuelewane hapa. Rubani asiyeona chini anahitaji majibu matatu: naelekea wapi, nimefika wapi, na niko juu kiasi gani. La kwanza ni dira. La pili ni hesabu ya mwendo na muda. Umbali hewani hupimwa kwa maili za baharini, kila moja mita 1,852. Ukienda maili 100 kwa saa, safari ya maili 200 ni saa 2. Upepo wa mbele ukikupunguzia 20, inakuwa saa 2 na nusu. Kama mafuta uliyobeba ni ya saa 2 na robo, basi tena.

La tatu ndilo linaloua haraka. Altimita haioni ardhi, inapima mgandamizo wa hewa tu na kukupa mwinuko kutoka usawa wa bahari. Inaweza kusoma futi 7,000 na mbele yako kuna mlima wa futi 8,000. Tena hali ya hewa ikibadilika, mgandamizo ukashuka kwa hektopaskali 10 na wewe hujarekebisha chombo, utakuwa chini kwa kama mita 80 kuliko kinavyosema. Ndiyo maana namba za kile kidaftari zilikuwa uhai wa mtu.

Wenzake walipoziona wakaanza kuomba nakala. Mwanzoni aligawa bure, maombi yakazidi, hivyo mwaka 1934 akafungua biashara nyumbani kwake Salt Lake City na kuuza kitabu kwa dola 10. Huku akiendelea kurusha ndege! Mwaka 1941 akahamia Denver, na wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Marekani likazitumia ramani zake. Aliiuza kampuni mwaka 1961, na mwaka 2000 Boeing wakainunua.

Jengo kuu la abiria la uwanja wa Denver, uliofunguliwa mwaka 1995, limepewa jina lake. Mzee aliwahi kuliona, akafariki tarehe 26 Novemba 1996 akiwa na miaka 89.

Leo rubani anafungua ramani kwenye kompyuta ya mkononi, lakini yaliyomo ni yale yale ya daftari: uelekeo, umbali, na mwinuko ambao hutakiwi kushuka chini yake. Wenzake wengi wa enzi zile hawakupata bahati ya kuzeeka. Yeye aliipata, akatugawia na sisi tunaopanda ndege.

Wadau mnaosomea urubani, mwageni maoni hapo chini.