Roland Bonaparte: Mkusanyaji wa Vitabu vya Safari na Picha za Kale

Mwanamfalme Roland Bonaparte alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mwaka wa 1858, katika ukoo wa Napoleon. Mkewe, bintiye mwenye kasino ya Monte Carlo, aliaga dunia mwaka wa 1882, akaacha mtoto mchanga na utajiri mkubwa. Sheria ya mwaka wa 1886 ilipowafungia watu wa koo za kifalme mlango wa jeshi, Bonaparte alizama katika jiografia. Kasri lake lilisheheni vitabu vya wasafiri na picha.

Hakuwa mnunuzi tu. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1883, aliwapiga picha Waomaha wa Marekani walioletwa Paris kuonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Mwaka uliofuata aliwaendea Wasami kwao, kaskazini mwa Ulaya. Aghalabu kila mtu alipigwa mara mbili, kwa mbele na kwa upande, mithili ya kielelezo cha kupimwa. Hilo ndilo doa la kazi yake.

Alifariki mwaka wa 1924 akiwa rais wa Chama cha Jiografia cha Ufaransa. Picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo. Alikusudia kukusanya mifano ya mataifa. Alichoacha ni nyuso za watu waliokuwa na jamaa, lugha na makwao.